Sizoni ya pili haipo, na fedha nimeshachukua

Mimi ni kijana wa miaka 24, nakaa Mugumu, wilayani Serengeti. Kazi yangu ni kutafsiri muvi kwenye kibanda umiza. Picha inapita, mimi nimeshika maiki, naeleza kwa Kiswahili, na pale panaponoga natupia Kikurya. Likizo ya mwezi wa sita niliwaonyesha vijana anime inaitwa Claymore, sehemu 26. Kibanda kilijaa kuliko siku ya mechi. Wengine walikuwa wanakuja na baiskeli kutoka vijiji vya nje.

Siku ya mwisho nilitamani ardhi ipasuke. Clare anamwinda Priscilla tangu mwanzo, kwa sababu ndiye aliyemuua Teresa aliyemlea. Anampata, karibu anamaliza kazi, halafu yule mvulana Raki anamwomba aache, naye anaacha. Imeisha. Watu walikaa kimya, kisha wakaanza kupiga mabenchi. Sizoni ya pili lini? Nikasema inakuja. Mwenye kibanda akatangaza kwamba anayetaka nafasi alipie mapema. Watu zaidi ya thelathini wametoa shilingi 500 kila mmoja, na mgawo wangu nimeshautumia. Nikaenda Tarime mjini kwa anayetuwekea muvi kwenye flashi. Akacheka. Akasema sizoni ya pili haijawahi kutengenezwa, kinachoendelea ni kitabu.

Sasa nina mpango. Nina vipande vya anime nyingine zenye wasichana wa mapanga. Nikiviunga na kutafsiri kwa sauti yangu, hawatajua. Clare atamuua Priscilla, watu watashangilia, mambo yataisha. Ila kuna binti wa kidato cha pili, kamchora Clare daftari zima. Kila akiniona ananiuliza wale wenzake Clare wa vita vya kaskazini walikuja kuwa nani. Huyo ndiye ananinyima usingizi. Baba naye anasema sijawahi kumaliza kitu tangu nilipoacha VETA katikati. Na nina hasira na hao Wajapani. Mtu anaanzaje kitu asichokimaliza? Nifanye nini, anti?

Mtafsiri, Mugumu

Mwanangu,

Hivyo vipande usiviunge. Nimelitanguliza hilo ili hata ukiacha kusoma hapa uwe umelipata. Yatakayofuata yanaeleza kwa nini, na yanakupa njia nyingine ya kutoka hapo uliponasa.

Nianze na hasira yako, maana naielewa, ila imempata asiyehusika. Aliyeianza Claymore ameimaliza. Anaitwa Norihiro Yagi. Aliianza kama kitabu cha katuni, manga, mwaka 2001 katika jarida la kila mwezi, Monthly Shōnen Jump, akaifunga mwaka 2014, jumla vitabu 27. Katikati ya safari hiyo jarida lenyewe lilifungwa, mwaka 2007, na hadithi ikahamia jarida jipya la Jump Square. Bado hakuiacha. Miaka 13 alikaa na wasichana wale wale wenye macho ya fedha, mwezi baada ya mwezi, mpaka akawafikisha. Kwa hiyo unapowahesabu hao Wajapani, Yagi mtoe.

Walioishia njiani ni watengenezaji wa anime, studio inayoitwa Madhouse, na wao walibanwa na hesabu. Jarida la mwezi linatoa sura moja kwa mwezi. Televisheni inataka kipindi kila wiki, na kipindi kimoja cha dakika ishirini na kitu huweza kumeza sura mbili hata tatu. Claymore ilirushwa kuanzia Aprili hadi Septemba 2007. Miezi sita hiyo ilitafuna kazi ya Yagi ya zaidi ya miaka mitano, karibu vitabu 11. Walipofika Pieta, kule kaskazini walikopelekwa wapiganaji 24 wafe, mbele yao zilibaki kurasa chache tu. Nyingine zilikuwa bado ziko kichwani mwa mtu.

Na nyuma ya anime nyingi kuna watu wa fedha. Mwenye kitabu, kituo cha televisheni, wauza diski, wauza midoli na kampuni ya muziki hukaa pamoja, kila mmoja anatoa sehemu, wanalipa studio itengeneze vipindi kadhaa. Mara nyingi wanachotaka ni kitabu kiuzwe. Kikishauzwa, haja yao imetimia, hata kama wewe na vijana wako mmebaki mnatazama ukuta. Hili linauma zaidi kuliko la kurasa kuisha, na sitajaribu kulipamba.

Studio ikishaikamata hadithi ambayo bado inaandikwa, huwa na njia chache. Inaweza kujaza nafasi kwa visa vya pembeni ili mwandishi apate muda wa kutangulia, kama walivyofanya kwenye Naruto na Bleach. Inaweza kusimama na kungoja. Inuyasha ya Rumiko Takahashi ilisimama mwaka 2004 kitabu kikiwa bado, ikarudi mwaka 2009 na kukamilisha kilichobaki. Bleach ilisimama Machi 2012 ikiwa na sehemu 366, ikarudi Oktoba 2022. Miaka kumi na nusu watu walingoja, na waliokuwa shule ya msingi ilipokatika wakaja kuitazama na watoto wao miguuni. Njia ya mwisho ni kutunga mwisho wao wenyewe. Hiyo ndiyo waliyoichukua kwenye Claymore, na ndiyo unayotaka kuichukua wewe.

Naomba hapa tukae kidogo, kwa sababu jambo lenyewe lina pande mbili na wewe umeona mmoja.

Kuna anime iitwayo Fullmetal Alchemist, ya ndugu wawili waliojaribu kumrudisha mama yao aliyekufa na wakalipa kwa miili yao. Mwandishi wake ni Hiromu Arakawa, mwanamke aliyekulia katika familia ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huko Hokkaido. Kitabu kilianza mwaka 2001. Mwaka 2003 studio ya Bones ikaanza kuitengeneza, na kila mtu alijua kitabu kiko mbali na mwisho. Wakazungumza naye. Arakawa akaridhia anime iende njia yake na iishe kwa namna yake, yeye aendelee na yake. Sehemu 51 zikaisha mwaka 2004, na mwisho wake haufanani na wa kitabu hata kidogo. Mwaka 2009 studio ile ile ikaianza upya kutoka sifuri, safari hii ikifuata kitabu, sehemu 64. Kitabu kilifungwa Juni 2010, na anime ikafungwa Julai, mwezi mmoja baadaye. Kwa hiyo hadithi moja ina miisho miwili, yote halali, na mpaka leo wapo wanaoupenda ule wa kwanza kuliko wa pili.

Kilichoufanya ule wa kwanza uwe halali ni kwamba mwenye hadithi aliulizwa na watazamaji hawakudanganywa. Kitabu kilikuwa sokoni, kila aliyetaka aliona kwamba hiki ni hiki na kile ni kile. Hao vijana wako hawana kitabu. Wana wewe tu. Ukiwaambia hii ndiyo sizoni ya pili ya Claymore, hakuna mlango mwingine watakaopita waujue ukweli, na ndiyo maana mzigo wako ni mkubwa kuliko wa studio.

Sasa kuhusu msamaha ule uliowafanya watu wapige mabenchi. Nimeufikiria sana, kwa sababu unagusa mahali petu. Wengine wataharakisha kusema watu wa Tarime na Serengeti wamezoea visasi, ndiyo maana hawakuupenda. Nakataa. Watu wetu wanakujua kusamehe kuliko wengi wanavyodhani, na wanajua gharama yake. Koo mbili zikishamwagiana damu kwa sababu ya ng'ombe au mpaka, wazee hukaa kwenye ritongo, baraza la jadi, maneno yakasemwa yote, waliofiwa wakasikilizwa, kilichochukuliwa kikatajwa. Hakuna ritongo linaloisha kwa sababu jua limezama. Msamaha wa Clare kwenye anime ulikuja kwa sababu muda wa televisheni ulikuwa umekwisha. Priscilla hakuulizwa kitu, Teresa hakukumbukwa ipasavyo, na Raki, mtoto mzuri wa moyo, akabebeshwa maneno ya kufunga hadithi ambayo haikuwa imefika. Vijana wako waliona kwamba pale kuna kitu kimerukwa. Nakusihi usichukulie kelele zile kama kiu ya damu. Walikuwa wakidai haki ya hadithi.

Ndiyo maana mpango wako wa kumfanya Clare amuue Priscilla kwa vipande vya kuokota hautawaponya. Utarudia kosa lile lile, la kufunga mlango haraka ili watu waende nyumbani. Na kwa kuwa umeniuliza kama mzazi, nitakwambia hili: mwisho wa Yagi si huo wa anime, wala si huo wako. Ni wa tatu, ambao hujaufikiria, na Teresa yumo ndani yake. Sitakuharibia. Nataka ukutane nao mwenyewe.

Kuna mfano mmoja wa karibuni wa hadithi iliyokatwa hata kitabu kikiwa kimeshakamilika. The Promised Neverland ya Kaiu Shirai na Posuka Demizu ilifungwa mwaka 2020, vitabu 20, kila kitu kiko mezani. Sizoni ya pili ya anime ikatoka mwaka 2021, sehemu 11, ikaruka sehemu nzima ambayo wasomaji waliipenda kuliko zote, na mwishoni ikamaliza mambo makubwa kwa picha zilizopita haraka haraka bila maneno. Hapo hesabu ya kurasa haikuwa na kosa lolote. Watazamaji walikasirika dunia nzima, na mimi naona walikuwa na haki. Ukiunga vipande vyako, utakuwa umewapa watu wa Mugumu kitu cha aina hiyo hiyo, tofauti ni kwamba wao hawatajua wamuulize nani.

Niseme kidogo juu ya kazi yako, maana barua yako ina sauti ya mtu anayeiona ndogo. Unayoifanya ina ukoo. Hapa kwetu Lufufu alijenga jina kwa kutafsiri filamu za Kichina, za Kihindi na za Kimarekani, watu wakawa wanauliza hii ni ya Lufufu au ya nani kabla ya kuuliza steringi ni yupi. Kenya wanaye DJ Afro, Uganda wanaye VJ Jingo na wenzake. Na hao Wajapani unaowakasirikia walikuwa na watu wa kazi yako kabla ya kuwa na anime. Filamu zilipokuwa bado hazina sauti, pembeni ya kila pazia la sinema alisimama msimuliaji, walimwita benshi, akaeleza, akaigiza sauti za wote, akalia palipo kilio. Watu walikwenda sinema kwa jina la benshi kuliko jina la filamu. Filamu za sauti zilipoenea miaka ya 1930, kazi ile ikafa.

Wote hao waliongeza chumvi. Wewe pia unaongeza, na hiyo ni haki yako, tena ndiyo sanaa yenyewe. Unapomfanya mzee wa kijiji cha Ulaya aongee Kikurya cha mnadani, watazamaji wanacheka kwa sababu wanaona kwenye picha kwamba huyu si mtu wa mnadani. Picha iko pale, inakushuhudia na inakurekebisha. Ukisema steringi kashinda na picha inaonyesha kalala chini, watakuzomea. Siku utakapoanza kuikata picha na kuiunga ili ikubaliane na maneno yako, umebaki peke yako na hakuna wa kukurekebisha. Mtafsiri wa namna hiyo simjui jina lake la kazi, na nisingependa uwe wewe.

Sasa unaniuliza, kama mwisho hauwezi kutungwa, mtu afanye nini na hadithi iliyokatika? Kuna aliyekutana na swali hilo likiwa zito kuliko lako. Kentaro Miura aliichora Berserk tangu mwaka 1989. Anime yake ya 1997 ina sehemu 25 na inakatikia kwenye usiku mbaya kuliko yote katika hadithi, pale ambapo kitabu ndiyo kwanza kinaanza kuchanganya. Waliotaka kujua zaidi walikwenda kwenye kitabu. Tarehe 6 Mei 2021 Miura akafariki, na kitabu chenyewe kikabaki bila mwisho. Alikuwa na rafiki tangu ujana, Kouji Mori, mchoraji kama yeye, ambaye miaka mingi kabla alikuwa amesimuliwa na Miura jinsi hadithi itakavyokwenda mpaka mwisho. Mwaka 2022 wanafunzi wa Miura wakaanza kuichora tena chini ya usimamizi wa Mori. Mori akawaandikia wasomaji akawaahidi kwamba ataandika yale tu aliyoambiwa na Miura, na asiyoyakumbuka vizuri hatayajaza. Alijua wasomaji wangeona upungufu. Akachagua upungufu.

Na hapa nyumbani tunalo letu. Jarida la Sani, lililopata jina lake kutoka kwa Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, lilikuwa na mchoraji kijana, Philip Ndunguru, aliyewapa uhai akina Madenge, Kipepe, Lodi Lofa na Ndumilakuwili. Alifariki katikati ya miaka ya 1980 akiwa bado kijana. Wachoraji wengine wakawapokea wahusika wake, na wasomaji wakaendelea kuwapenda kwa miaka mingi. Ilikubalika. Aliyekuwa anaifahamu kalamu ya Ndunguru alijua ilikoishia.

Njia yako, basi, ni hii. Kabla ya yote, fedha. Andika daftari la majina ya wote waliolipia, kaa na mwenye kibanda, mwambie ukweli wote, pamoja na kwamba mgawo wako umeutumia. Atakasirika. Vumilia. Mpangie utakavyorudisha, hata kama ni kwa kukatwa kwenye malipo yako ya mechi za mwezi huu. Anayetaka shilingi 500 yake arudishiwe mkononi. Anayesema ibaki kama kiingilio cha siku nyingine, mwandikie hivyo kwenye daftari na aone ukiandika. Usimwachie mwenye kibanda aseme kwa niaba yako, ingawa yeye ndiye aliyetangaza malipo ya mapema. Wewe ndiye mwenye sauti pale, na watu wanaisubiri sauti hiyo.

Halafu simama mbele yao, maiki mkononi, kabla ya muvi nyingine yoyote, uwaambie maneno haya au yanayofanana nayo: Claymore haina sizoni ya pili. Nilisema inakuja kabla sijajua. Anime iliishia pale kwa sababu mwandishi alikuwa bado anaandika. Kitabu kiliendelea miaka saba zaidi na kikaisha. Nitakisoma, kisha nitawasimulia. Usiongeze utetezi.

Kitabu kipo kwa Kiingereza, vitabu vyote 27 vimetolewa na VIZ Media. Wewe unatafsiri moja kwa moja kutoka maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha, kwa hiyo lugha haitakushinda, na kitabu kina faida kwamba kinakungoja. Kumbuka kinasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, ukurasa na visanduku vyake. Mugumu hutakipata, na Musoma nina shaka. Nairobi kuna wapenzi wengi wa katuni hizi, wana hata mkusanyiko wao wanaouita Naiccon, na kutoka Sirari ukivuka Isebania unapata basi la moja kwa moja. Kama una ndugu au rafiki huko, mtume aulizie cha kuazima au kilichotumika. Nunua kimoja kimoja kadiri unavyopata. Hakuna anayekukimbiza.

Ukishasoma, simulia. Usipige picha kurasa za Yagi na kuzirusha kwenye skrini kwa kiingilio, hiyo ni mali yake, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda hata akiwa Japani. Simulia kwa mdomo, kwa maneno yako, kama wazee walivyosimulia kabla umeme haujafika Serengeti. Na huyo binti wa kidato cha pili mwite. Mwambie achore. Yeye na wenzake wachore wale wasichana walionusurika kaskazini kama wanavyowaona wao kutokana na maneno yako, michoro ibandikwe ukutani, na kila mmoja aandike jina lake chini. Wajapani walikuwa na jambo la namna hii pia, kamishibai, msimuliaji anapita na baiskeli na picha zilizochorwa kwenye karatasi ngumu, anasimulia kipande cha leo, watoto wanarudi kesho kwa kipande kinachofuata. Wachoraji wengi wa manga walianzia huko. Sioni kwa nini Mugumu isiwe na lake.

Palipo na pengo kwako, au usipopaelewa, sema hapa sijaelewa. Ukiongeza chako, sema hapa ni mimi. Watakusamehe kwa urahisi ambao hutaamini.

Mjibu huyo binti swali lake hata leo, maana kipande hicho naweza kukupa bila kukuharibia. Wapo saba walionusurika Pieta, Clare akiwa mmojawapo. Wanajificha miaka saba, Shirika lililowatengeneza likidhani wamekufa. Anime haikuifikia miaka hiyo kabisa. Wanaporudi, kila mmoja amekuwa mtu mwingine, na ndipo swali la kwa nini Shirika lilianza kuwatengeneza wasichana wale linapoanza kupata jibu. Mwambie hivyo, umwone uso wake.

Mambo mawili ya kikazi, kwa ufupi. Claymore ni hadithi ya damu na viungo kukatwa. Watoto wa darasa la tatu hawakupaswa kuwa kwenye mabenchi yale, na najua walikuwepo. Waambie wazazi, weka umri, ushikilie. Na kibanda kinachoonyesha filamu kwa kiingilio kinatakiwa kiwe na kibali, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inayosimamiwa na Bodi ya Filamu. Muulize mwenye kibanda kama anacho. Kama hana, mhimize akaulize ofisi ya utamaduni ya halmashauri.

La baba yako na VETA ni barua nyingine, na nitaipokea ukiiandika. Leo nakwambia tu kwamba kama kozi ilikatika kwa sababu ya ada, hiyo haifanani na kazi iliyoachwa kwa kuchoka, na baba yako huenda anaijua tofauti hiyo kuliko anavyoonyesha. Usiiingize Claymore kwenye ugomvi huo. Usisome vitabu 27 ili kumwonyesha mzee kwamba unamaliza vitu. Visome kwa sababu kuna watu thelathini na zaidi wanaotaka kujua.

Nimalizie na mahali pa kuanzia. Waliotazama anime mara nyingi huambiwa waruke mpaka kitabu cha 11, ndipo hadithi mbili zinapoachana. Wewe usiruke. Anza na kitabu cha kwanza, kwa sababu studio ilipunguza na kuhamisha mambo njiani pia, na utakapowasimulia watu watakuuliza ya mwanzo. Lakini daftari la majina liandikwe kwanza, wiki hii, kabla hujatafuta kitabu chochote.